Mwongozo Kamili wa Kuunda Mikato ya Kibodi ya Kuendesha Amri kwenye Linux

Mhudumu wa saiba jijini Nairobi, iwe ni River Road au kwenye kituo cha matatu mtaani, hurudia kazi zile zile kuanzia asubuhi hadi jioni: kuskani kitambulisho, kufungua eCitizen au iTax, kuchapisha fomu, na kuzima Wi-Fi ili bando lisiliwe na masasisho yanayojipakua yenyewe. Kwenye Linux, kila mojawapo ya kazi hizi inaweza kufungwa kwenye vitufe viwili vya kibodi, yaani mkato wa kibodi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo hatua kwa hatua, ukianza na GNOME, mazingira ya eneokazi (sura ya skrini yenye madirisha na menyu) ambayo ndiyo yanayokuja na Ubuntu na Fedora, kisha mazingira mengine ya KDE Plasma, Cinnamon na XFCE, na mwishowe i3 na Sway, ambazo ni programu za kusimamia madirisha tu.

Jambo moja linafaa kusemwa mapema kwa sababu ndilo linaloamua kama kazi itafaulu. Kuchagua vitufe ni rahisi na huchukua muda mfupi. Kinachowakwamisha watu ni amri yenyewe. Amri inayofanya kazi vizuri kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, inaweza kunyamaza kabisa ikiwekwa kwenye mkato wa kibodi, bila ujumbe wa kosa na bila dalili yoyote. Kwa hiyo utaratibu ninaoupendekeza ni kuandika amri katika skripti (faili ya maandishi yenye amri), kuijaribu nje ya terminali, na kuifunga kwenye vitufe baada ya kuridhika nayo.

## Kujua mazingira unayotumia

Fungua terminali, kisha andika amri hizi mbili:

```
echo "$XDG_CURRENT_DESKTOP"
echo "$XDG_SESSION_TYPE"
```

Ya kwanza hutaja mazingira ya eneokazi. Ubuntu ya kawaida hujibu `ubuntu:GNOME`, ilhali Linux Mint yenye Cinnamon hujibu `X-Cinnamon`. Ya pili hujibu `wayland` au `x11`, na jibu hilo lina uzito kuliko linavyoonekana.

Mfumo wa X11, ambao umekuwepo tangu 1987, huruhusu programu yoyote kusikiliza vitufe vyote vinavyobonyezwa, hata kama dirisha lililo mbele ni la programu nyingine. Ndiyo maana programu ndogo kama `sxhkd` na `xbindkeys` ziliweza kushughulikia mikato bila kutegemea eneokazi. Wayland, mradi ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, uliufunga mlango huo: vitufe hupelekwa kwa dirisha lililo mbele pekee, na ni msimamizi wa madirisha tu anayeweza kukamata mkato wa mfumo mzima. Mtu aliyezoea `xbindkeys` huliona hili kuwa usumbufu. Kwenye kompyuta ambayo wateja huandikia nenosiri zao, mimi naliona kuwa ulinzi wa maana, kwa sababu programu iliyojificha haiwezi kunasa nenosiri la KRA la mteja kwa kusikiliza tu kibodi.

Maelekezo ya zamani yanayomtaka mtumiaji asakinishe `xbindkeys` hayatakufaa iwapo kompyuta yako inatumia Wayland. Tumia mipangilio ya eneokazi lenyewe.

## Kwa nini amri hunyamaza

Unapoandika amri kwenye terminali, Bash, programu inayosoma amri zako, huipokea na kuifanyia kazi nyingi kabla ya kuiendesha. Hubadilisha alama `~` kuwa folda yako ya nyumbani, hujaza `$HOME`, huunganisha amri kwa alama `|` na `&&`, huelekeza matokeo kwenye faili kwa `>`, na hutambua majina mafupi ya amri (alias) uliyoyaandika kwenye `.bashrc`, faili ya mipangilio ya Bash. Mkato wa kibodi wa GNOME haumpitii Bash hata kidogo. GNOME hugawanya maneno ya amri, ikiheshimu alama za nukuu, halafu huiita programu moja kwa moja. Ukiandika `~/.local/bin/skani`, GNOME itatafuta folda inayoitwa kwa alama ya `~`, itaikosa, na mambo yataishia hapo.

Tiba ya amri fupi ni kumwita Bash waziwazi. Chukulia kwamba una faili yenye maelezo ya malipo ambayo hutumiwa kila mteja anayeuliza nambari ya till, na unataka maneno hayo yaingie kwenye ubao wa kunakili kwa mkato mmoja. Kwenye Wayland, baada ya kusakinisha kifurushi cha `wl-clipboard`, amri ya kuweka kwenye mkato ni hii:

```
bash -c 'wl-copy < "$HOME/malipo.txt"'
```

Alama za nukuu moja upande wa nje ni za lazima, kwa kuwa ndizo zinazoikabidhi Bash sentensi nzima ikiwa kitu kimoja. Kwenye X11, `xclip -selection clipboard` huchukua nafasi ya `wl-copy`.

Sababu ya pili ya ukimya ni kwamba hakuna terminali. Programu inayochapisha matokeo yake huchapisha mahali asipopaona mtu, na programu inayouliza swali haina pa kuulizia. `sudo` ndiyo mfano ulio wazi zaidi: inahitaji terminali ili iombe nenosiri, inaikosa, inakata tamaa. Badala yake tumia `pkexec`, ambayo hufungua dirisha la kuomba nenosiri. Mkato wa kuwasha upya huduma ya uchapishaji, ambao hufaa sana kazi zinapokwama kwenye foleni ya printa, ungeandikwa hivi:

```
pkexec systemctl restart cups
```

Sababu ya tatu ni orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta programu, yaani `PATH`. Kile ulichokiongeza kwenye `.bashrc` hakijulikani na eneokazi, kwa sababu faili hiyo husomwa terminali inapofunguliwa. Kwenye Ubuntu, faili ya `~/.profile` huiongeza `~/.local/bin` wakati wa kuingia kwenye akaunti, mradi folda hiyo iwe tayari ipo. Ukiiunda leo, itatambuliwa baada ya kutoka na kuingia tena. Njia isiyo na shaka ni kuandika anwani kamili ya skripti, kuanzia `/home` hadi jina lake.

## Kuandika skripti inayojieleza

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Skripti inayoendeshwa kwa mkato lazima imwambie mtumiaji inachofanya, kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kutazama. Chombo cha kazi hiyo ni `notify-send`, ambacho huonyesha arifa kwenye skrini. Kwenye Debian na Ubuntu hupatikana katika kifurushi cha `libnotify-bin`.

Tuchukue kazi ya kuskani. Hakikisha kwanza kwamba skana inatambuliwa kwa kuandika `scanimage -L`. Amri hiyo ni ya SANE, mradi wa programu za skana, nayo kwenye Ubuntu hutoka kwenye kifurushi cha `sane-utils`. Ikishaitaja skana yako, unda folda na faili (`nano` ni kihariri cha maandishi ndani ya terminali):

```
mkdir -p ~/.local/bin
nano ~/.local/bin/skani
```

Ndani ya faili hiyo weka maneno haya:

```
#!/usr/bin/env bash
set -u

# Zuia skripti isiendeshwe mara mbili kwa wakati mmoja
exec 9>"$XDG_RUNTIME_DIR/skani.lock"
flock -n 9 || exit 0

folda="$HOME/Skani"
mkdir -p "$folda"
faili="$folda/$(date +%Y-%m-%d_%H%M%S).png"

notify-send "Skana" "Inasoma karatasi, tafadhali subiri."

if scanimage --format=png --resolution 300 > "$faili"; then
    notify-send "Skana" "Imehifadhiwa: $faili"
    xdg-open "$faili" 9>&-
else
    rm -f "$faili"
    notify-send -u critical "Skana" "Imeshindikana. Kagua waya na umeme wa skana."
fi
```

Hifadhi, kisha uipe ruhusa ya kuendeshwa:

```
chmod +x ~/.local/bin/skani
```

Mambo mawili katika skripti hii yanastahili kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni `flock`. Skana ni kifaa cha polepole, na mtu mwenye foleni mbele yake hubonyeza tena akidhani hakusikika. Pasipo kizuizi, maombi mawili yangegombania skana moja na moja lingeanguka. `flock -n` hujaribu kushika kufuli ya faili. Ikikuta imeshikwa, skripti ya pili huondoka kimya.

La pili ni zile alama `9>&-` mwishoni mwa mstari wa `xdg-open`. Ni rahisi kuziona kuwa pambo na kuziondoa, lakini zina kazi. Programu inayofunguliwa na skripti hurithi faili zote zilizo wazi, ikiwemo ile ya kufuli. Kitazama-picha kikiirithi, kufuli itaendelea kushikwa kwa muda wote ambao picha iko wazi kwenye skrini, na mkato utaonekana kufa: ukibonyeza mara ya pili hakuna kinachotokea mpaka ufunge picha ya kwanza. Alama hizo humnyima kitazama-picha urithi huo.

Kwa nini nukta 300 kwa inchi? Karatasi ya A4 kwa kiwango hicho hutoa picha ya nukta 2480 kwa 3508, ambayo husomeka vizuri ikichapishwa tena. Tovuti nyingi za maombi huweka kikomo cha ukubwa wa faili, kwa hiyo unaweza kuandika skripti ya pili yenye nukta 150 kwa nyaraka zinazokwenda mtandaoni, na kuifunga kwenye kitufe kile kile pamoja na Shift.

## Kujaribu kabla ya kufunga

Kuendesha skripti kwenye terminali hakutoshi kuwa jaribio, kwa kuwa terminali ina kila kitu ambacho mkato hauna. Tumia amri hii:

```
systemd-run --user --collect "$HOME/.local/bin/skani"
```

Amri hiyo humkabidhi skripti msimamizi wa huduma wa akaunti yako, ambaye huiendesha bila terminali na bila `.bashrc`, hali inayokaribiana sana na ile ya mkato wa kibodi. Uzuri wake mwingine ni kwamba makosa yote huandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo, na unaweza kuyasoma kwa `journalctl --user -e`. Skripti ikifanya kazi hapa, kwa kawaida itafanya kazi kwenye mkato pia.

Skripti iliyoandikwa kwenye Windows na kuletwa kwa flashi inaweza kutoa kosa linalotaja `bash\r`. Windows humalizia mistari kwa alama mbili na Linux kwa moja. Amri ya `sed -i 's/\r$//'` ikifuatiwa na jina la faili huondoa alama iliyozidi.

## Kuchagua vitufe

Kitufe chenye nembo ya Windows huitwa Super kwenye GNOME, Meta kwenye KDE, na Mod4 kwenye i3. Ninapendelea kukitumia kwa mikato yote ya kibinafsi, kwa sababu programu za kawaida hukiacha kwa ajili ya eneokazi, ilhali Ctrl pamoja na herufi ni mali ya programu: Ctrl+C, Ctrl+P na Ctrl+S tayari zina kazi kila mahali, na ukiziteka kwa mfumo mzima utaharibu kivinjari na LibreOffice kwa mpigo mmoja.

Hata upande wa Super kuna vilivyokwisha kuchukuliwa. Kwenye GNOME, Super+L hufunga skrini, Super+A huonyesha programu, Super+V hufungua arifa, na Super pamoja na tarakimu hufungua programu zilizo kwenye upau wa programu pendwa. Ctrl+Alt pamoja na F1 hadi F6 huhamisha mtumiaji kwenye skrini nyingine za mfumo, nyingi zikiwa za maandishi, kwa hiyo usiziguse.

Kitufe cha Fn ni suala tofauti. Kwenye vipakatalishi vingi hushughulikiwa na kifaa chenyewe kabla Linux haijapata habari, na hivyo hakiwezi kuwa sehemu ya mkato. Vipakatalishi vilivyotumika, vile vinavyouzwa jijini kwa jina la ex-UK, vina kibodi za Uingereza, na mara nyingi mfumo wake umewekwa mpangilio wa Marekani. Alama za `@` na nukuu mbili huwa zimebadilishana nafasi. Katika mashine kama hiyo chagua herufi wala si alama, ili mkato uendelee kufanya kazi hata mpangilio ukirekebishwa baadaye.

## Kufunga mkato kwenye GNOME

Fungua Settings, kisha Keyboard, na ubonyeze View and Customize Shortcuts. Teremka hadi mwisho wa orodha na uchague Custom Shortcuts, halafu Add Shortcut. Dirisha litaonyesha sehemu tatu. Kwenye Name andika jina litakaloeleweka na mtu mwingine, kwa mfano Skani karatasi. Kwenye Command andika anwani kamili, kama vile `/home/asha/.local/bin/skani`, ukiweka jina la akaunti yako mahali pa asha. Bonyeza Set Shortcut, shikilia Super, gusa K, kisha Add. Vitufe hivyo vikiwa na kazi nyingine tayari, GNOME itakuonya na kukuuliza kama unataka kuvihamisha. Kataa mpaka ujue unavinyang'anya nini.

Anayeandaa kompyuta kadhaa ataona ni heri kutumia terminali. GNOME huhifadhi mikato kwenye hazina ya mipangilio iitwayo dconf, na kila mkato una anwani yake ndani ya orodha moja. Angalia kwanza orodha iliyopo:

```
gsettings get org.gnome.settings-daemon.plugins.media-keys custom-keybindings
```

Jibu likiwa `@as []`, orodha ni tupu na unaweza kuendelea hivi:

```
skema=org.gnome.settings-daemon.plugins.media-keys
njia=/org/gnome/settings-daemon/plugins/media-keys/custom-keybindings/skani/

gsettings set $skema custom-keybindings "['$njia']"
gsettings set $skema.custom-keybinding:$njia name 'Skani karatasi'
gsettings set $skema.custom-keybinding:$njia command "$HOME/.local/bin/skani"
gsettings set $skema.custom-keybinding:$njia binding '<Super>k'
```

Jibu likionyesha anwani nyingine, ziandike zote ndani ya mabano ya mraba pamoja na hii mpya, zikitenganishwa kwa koma. Amri ya kwanza ya `set` huiandika orodha upya kabisa, na mkato usiotajwa humo hupotea kwenye matumizi.

## Mazingira mengine

Kwenye KDE Plasma, fungua System Settings na uandike Shortcuts kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukifika, bonyeza Add New, chagua Command or Script, weka anwani ya skripti, kisha uongeze vitufe upande wa kulia. Maelekezo ya Plasma 5 yanayotaja sehemu iitwayo Custom Shortcuts yamepitwa na wakati, kwa kuwa sehemu hiyo iliondolewa katika Plasma 6 iliyotoka mwaka 2024.

Linux Mint yenye Cinnamon ina Keyboard ndani ya System Settings. Humo kuna kichupo cha Shortcuts na kundi la Custom Shortcuts. Baada ya kuongeza jina na amri, uchague mkato huo kwenye orodha, halafu ubofye mara mbili neno unassigned lililo chini yake. Cinnamon hukubali mafungu matatu ya vitufe kwa amri moja. XFCE, ambayo ninaipendekeza kwa kompyuta kongwe, huweka mambo haya kwenye Settings Manager, Keyboard, Application Shortcuts, kisha Add. Mikato yake huhifadhiwa kwenye faili moja, `~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/xfce4-keyboard-shortcuts.xml`, ambayo ni vyema kuitengenezea nakala.

i3 na Sway hazina dirisha la mipangilio. Mkato huandikwa kwenye `~/.config/i3/config` au `~/.config/sway/config`:

```
bindsym $mod+F9 exec --no-startup-id ~/.local/bin/skani
```

Hapa `$mod` ni kitufe kikuu kilichochaguliwa ndani ya faili hiyo. Nimetumia F9 kwa sababu `$mod+k` tayari ina kazi ya kuhamia kati ya madirisha. Tofauti na GNOME, hizi mbili hupitisha amri kwa mfasiri wa amri wa mfumo, kwa hiyo `~` inaeleweka. Bonyeza `$mod+Shift+c` ili mpangilio usomwe upya.

Anayebaki X11 na kutaka `sxhkd` ataandika vitufe kwenye mstari mmoja wa `~/.config/sxhkd/sxhkdrc` na amri kwenye mstari unaofuata, ukiwa umesogezwa ndani. Amri ya `pkill -USR1 -x sxhkd` huifanya isome mabadiliko.

## Amri nyingine zenye manufaa

Kuzima na kuwasha Wi-Fi kwa kitufe kimoja huokoa bando. Hii ni skripti yake, nayo huitegemea NetworkManager, programu ya kusimamia mitandao inayoendeshwa kwa amri ya `nmcli`, ambayo iko kwenye Ubuntu, Fedora na Mint:

```
#!/usr/bin/env bash
if [ "$(LC_ALL=C nmcli radio wifi)" = "enabled" ]; then
    nmcli radio wifi off
    notify-send "Wi-Fi" "Imezimwa"
else
    nmcli radio wifi on
    notify-send "Wi-Fi" "Imewashwa"
fi
```

Neno `LC_ALL=C` huilazimisha `nmcli` ijibu kwa Kiingereza, kwa sababu jibu lake hufuata lugha ya mfumo, na ulinganisho ungeshindwa kwenye kompyuta iliyowekwa lugha nyingine.

Mkato wa pili ni wa kumfungulia mteja dirisha la faragha:

```
firefox --private-window https://www.ecitizen.go.ke
```

Kuna jambo hapa ambalo wahudumu wengi hawalijui na ambalo linaweza kumdhuru mteja. Madirisha yote ya faragha ya Firefox yaliyo wazi kwa wakati mmoja hushiriki kumbukumbu moja ya kuingia. Ukiacha dirisha la mteja wa kwanza likiwa wazi, hata kama limefichwa nyuma ya mengine, mteja wa pili anaweza kujikuta ndani ya akaunti ya mwenzake. Kumbukumbu hufutwa pale dirisha la mwisho la faragha linapofungwa, kwa hiyo funga yote kabla ya kubonyeza mkato tena.

Skani zilizobaki kwenye folda nazo ni dhamana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, katika kifungu cha 25, inataka data inayomtambulisha mtu isiwekwe kwa muda mrefu kuliko unavyohitajika kwa lengo lake. Nakala za vitambulisho vya wageni zisikae kwenye kompyuta ya saiba hadi wiki ijayo. Skripti hii huzifuta zile zilizozidi saa 2, ila huuliza kwanza kwa `zenity`, programu inayofungua dirisha la swali:

```
#!/usr/bin/env bash
if zenity --question --text="Futa skani zote zilizozidi saa 2?"; then
    find "$HOME/Skani" -type f -mmin +120 -delete
    notify-send "Skani" "Zimefutwa"
fi
```

Swali la `zenity` ni la lazima kwa amri yoyote inayofuta, kuzima kompyuta au kuondoa kazi za printa. Mkono huteleza kwenye kibodi, na amri iliyofungwa kwenye vitufe haina nafasi ya kusomwa upya kama ile inayoandikwa kwa herufi.

## Mkato ukikataa

Tenganisha kwanza vitufe na amri. Badilisha amri ya mkato iwe `notify-send Jaribio Sawa`, kisha bonyeza. Arifa ikitokea, vitufe viko salama na tatizo limo ndani ya skripti. Rudi kwenye `systemd-run` na usome kumbukumbu. Arifa isipotokea, eneokazi halivioni vitufe, au vimeshikwa na kitu kingine. Chombo cha `wev` kwenye Wayland, au `xev` kwenye X11, huonyesha jina la kila kitufe kinapobonyezwa ndani ya dirisha lake. Kitufe kisichoonyesha chochote huenda hakifiki kwa Linux kabisa, au eneokazi limekikamata kabla ya dirisha hilo, jaribu kingine.

Amri ikifanya kazi kwa anwani kamili lakini ikakataa kwa jina tupu, tatizo ni `PATH`. Ikifanya kazi kwa mtumiaji mmoja na kukataa kwa mwingine, kagua ruhusa kwa `ls -l`.

## Kuhamishia kompyuta nyingine

Kwenye GNOME, mikato yote ya sehemu hii hutolewa kwa amri moja na kurudishwa kwa nyingine:

```
dconf dump /org/gnome/settings-daemon/plugins/media-keys/ > mikato.ini
dconf load /org/gnome/settings-daemon/plugins/media-keys/ < mikato.ini
```

Ya kwanza iendeshe kwenye kompyuta ya asili, ubebe `mikato.ini` kwa flashi, na ya pili uiendeshe kwenye ile mpya. Faili hiyo ni maandishi ya kawaida, hivyo unaweza kuifungua na kuona kila mkato umeandikwaje. Humo ndimo utakapoona pia anwani zinazoanza na `/home/asha`, ambazo hazipo kwenye kompyuta yenye akaunti ya jina jingine. Kwa saiba yenye mashine kadhaa, weka skripti kwenye `/usr/local/bin` badala ya folda ya nyumbani:

```
sudo install -m 755 ~/.local/bin/skani /usr/local/bin/skani
```

Kisha rekebisha anwani ndani ya `mikato.ini` kabla ya kuipakia, na faili ile ile itatumika kwenye kila kompyuta bila kujali jina la akaunti iliyo wazi.